Mkono wa alasiri

Kuna vijana hapa mjini Lamu huvaa saa ya cheni ikawateleza mpaka kwenye kiganja. Ukimpa mkono, lazima kwanza autikise wake saa irudi juu ndipo akushike. Wenyewe wanaona ni mapambo. Mimi naona ni bangili. Halafu kuna wazee wanaoibana mpaka wakiivua usiku unaweza kuhesabu pingili zake kwenye ngozi. Mimi nimekuwa nikitafuta pahali pangu baina ya makundi haya mawili, na jana nadhani nimepapata.

Saa yenyewe ni Seiko 5, ameniletea shemeji kutoka Maskati. Uso wa buluu, na kidirisha cha siku unachoweza kukiweka kwa Kiarabu au kwa Kiingereza, upendavyo. Seiko 5 zilianza kutoka 1963, na hapa pwani ni saa inayojulikana sana, hasa kwa waliokuwa na baba au ami aliyefanya kazi Ghuba. Haitaki betri, inajitia ufunguo kwa mwendo wa mkono wako mwenyewe. Kila kitu chake kilinipendeza isipokuwa cheni, iliyokuja na urefu wake wote wa kiwandani, na mimi mkono wangu ni mwembamba.

Mtu asiyevaa saa nzito atasema kulegea si neno. Ni neno kweli! Kichwa cha saa ni kizito kuliko cheni, kwa hivyo ikilegea hukimbilia ubavuni mwa mkono, na kile kitufe cha majira kinachoma mgongo wa kiganja kila unapoinua kikombe. Ukiwa gatini unashuka kwenye boti ya Shela, mkono mmoja kwenye nguzo na mwingine umepewa nahodha, saa inagonga mbao, inagonga mfupa, na macho ya abiria yote yako kwako. Kuisoma nayo ni kazi ya mikono miwili.

Nilimwendea fundi saa Langoni asubuhi mapema, kabla jua halijachomoza vizuri juu ya Manda. Ni mzee mwenye meza moja ya kioo barazani, lenzi yake ameifunga kichwani kwa mpira. Aliushika mkono wangu, akauzungushia vidole viwili, akauachia.

"Ndoo alasiri, mwanangu."

"Ami, si kazi ya dakika chache hii? Nipunguzie tu niende zangu."

"Nikikupunguzia sasa utarudi hapa unalia. Mkono huu umelala usiku kucha. Kauzungushe na jua kwanza."

Nilinuna kidogo, maana nilikuwa nimeshajiona nimeivaa. Lakini ukikaa ukafikiri, mzee ana haki. Mwili ukipata joto, mishipa ya damu hutanuka ili joto lipate kutoka kupitia ngozi, na maji kidogo hupenya yakakaa chini ya ngozi. Ukitembea mikono ikining'inia ndiyo zaidi. Wanaovaa pete wanalijua hili bila kuambiwa. Na huu ni mwezi wa Machi: kaskazi imekata pumzi, kusi haijaanza, hewa imesimama vichochoroni. Ukipanda Mkomani mara moja na kurudi, vidole vimejaa. Cheni ya ngozi au ya mpira inavumilia mabadiliko hayo. Chuma hakivumilii, pale ulipokikata ndipo kilipo.

Alasiri nikarudi. Kwanza alinivisha saa, akaikusanya cheni iliyozidi chini ya mkono na kuhesabu pingili kwa ukucha. Kisha akaivua na kuigeuza tumbo juu. Kumbe ndani, kwenye pingili zilizo karibu na loki, yaani kifungio cha cheni, kuna mishale midogo imechorwa. Zile tu ndizo zinazotoka, na mshale unakuambia pini isukumwe kuelekea wapi. Akaisimamisha cheni kwenye kigogo kilichochongwa mfereji, mshale ukielekea chini, akaweka kijiti cha chuma juu ya tundu na kukigonga kwa nyundo ndogo. Ngo, ngo. Pini ikachungulia upande wa pili, akaimalizia kwa koleo.

Akanipa niitazame. Ncha moja nzima, ncha nyingine imepasuka katikati kama miguu, na hiyo miguu ndiyo inayojibana ndani ya tundu isitoke. Wakati wa kurudisha inaingia kinyume cha mshale, ncha nzima ikitangulia na miguu ikija mwisho. Wale wanaojichomolea nyumbani kwa sindano ya kushonea huipachika vyovyote, ikashika kidogo, na siku moja saa iko chini ya maji pale kwenye ngazi za gati.

Chini ya kazi yote hiyo alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Cheni za aina nyingine, aliniambia, zina mrija mdogo sana wa chuma katikati ya pingili ambao ndio unaoishika pini. Ukichomoa bila kujua unaanguka, na bila huo mrija pini haishiki tena. Zangu hazikuwa nao. Kitambaa hakikuondolewa hata hivyo.

Alitoa pingili tatu: mbili upande wa namba 6, moja upande wa namba 12. Nilimuuliza mbona hazitoi sawasawa. Akanigeuza mkono. Loki inatakiwa ilale katikati ya upande wa ndani, na ili ilale hapo kwa watu wengi upande wa namba 6 huwa mfupi kidogo. Ukikosea hapo, hata urefu ukiwa sahihi, uso wa saa unaelekea nje, nawe utashinda unaurudisha.

Uhodari wake lakini niliuona kwenye loki. Ubavuni ina vitundu vidogo vilivyopangwa mstari, na cheni imeshikwa kwenye kimojawapo kwa pini ya springi. Ukiibonyeza kwa ncha nyembamba inahama tundu moja, milimita chache tu. Pingili nzima ni hatua kubwa. Ukitoa inabana, ukirudisha inalegea. Mafundi wa haraka huishia kwenye pingili na kukuambia utazoea. Yeye alihesabu pingili ili pini ibaki tundu la katikati, kuwe na nafasi ya kwenda huku na huku. Kisha akapenyeza kidole changu kidogo chini ya loki. Kilipita bila kulazimishwa. "Tikisa." Nikatikisa. Ikasogea, ikakoma chini ya mfupa wa kifundo.

Kuna hesabu nyingine ambayo vitabu vya maelekezo vya kiwandani haviitaji, nayo ni udhu. Maji lazima yafike kwenye ngozi iliyo chini ya saa. Cheni ikibana sana huna budi kuivua na kuiweka ukingoni mwa birika, na hivyo ndivyo saa zinavyopotea misikitini. Mara nyingi si wizi, ni mtu amekimbilia rakaa. Ikiwa na nafasi ya kidole unaisukuma juu, unaosha, unairudisha. Saa iliyoandikwa mita 30 si ya kuogelea, lakini maji ya kunawa inayaweza.

Maji ya bahari ni habari nyingine. Watu wanalisikia neno stenlesi wakadhani basi. Chumvi ikikauka baina ya pingili pamoja na jasho hutengeneza uchafu mweusi, na ikiachwa kwa muda mrefu huanza kukila chuma kwa vijitundu, hata kile kizuri cha stenlesi ya daraja la 316L. Dawa yake ni maji baridi ya bombani, sabuni kidogo na mswaki wa zamani, ukianza kwa kuhakikisha kitufe kimesukumwa ndani. Nilimwona fundi akiisugua cheni ya mvuvi mmoja, na maji kwenye bakuli siwezi kuyaeleza hapa, huenda kuna mtu anakula.

Pingili tatu na pini zake amenifungia kwenye karatasi, akasisitiza nisizitupe kwa sababu mwili hunenepa. Mke wangu aliposikia akacheka kuliko ilivyohitajika.

Kwa sasa, asubuhi saa inacheza kidogo, na kufika alasiri imetulia. Nimeridhika na mpango huo. Kusi ikivuma na baridi ya Julai ikija, nitaihamisha pini tundu moja mwenyewe. Mzee amenionyesha jinsi ya kuibonyeza, na kazi hiyo kasema hatozi mtu hata shilingi.