Nilivyopunguza Kalenda za Banda Badala ya Kupunguza Kuku

Kinachomchosha mfugaji mdogo, kwa uzoefu wangu, si wingi wa mifugo bali wingi wa rika. Nafuga kuku wa kienyeji, mbuzi na bata pembezoni mwa mji wa Morogoro huku nikiwa na ajira ya kutwa, na miaka ya mwanzo haikupita wiki bila jambo jipya: mtetea huyu anatotoa, vifaranga wale wamefikia umri wa chanjo, matembe wanatakiwa kuhamishwa, sungura yu karibu kuzaa. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo iliyo kubwa, lakini zilipopishana mwaka mzima sikupata jioni ya kupumzika.

Nilianza kwa kupanga utotoleshaji, kwa kuwa huko ndiko rika zinakoanzia. Mtetea wa kwanza anapoanza kuatamia, simpi mayai ya kutotolesha papo hapo, bali namwachia mawili au matatu yasiyofaa ili aendelee kulala kiotani huku nikisubiri wenzake. Wakitimia watatu au wanne, nawawekea wote jioni ileile mayai 10 hadi 12 kila mmoja, yaliyotagwa ndani ya siku 7 zilizopita, kwa sababu yai likikaa zaidi ya hapo uwezo wake wa kuanguliwa hushuka. Kusubiri nako kuna kikomo: mtetea anayeatamia hula kidogo mno na hukonda, hivyo wiki moja ikipita wanaanza waliopo. Baada ya siku 21 ninakuwa na kundi moja la vifaranga wanaokula chakula kimoja, wanaohitaji joto la kiwango kimoja na wanaochanjwa kwa pamoja.

Chanjo ya kideri, ugonjwa wa virusi wa kuku ambao kwetu wengi huuita mdondo, niliipangia Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Aina ya I-2, ambayo huhimili joto kuliko nyingine nyingi, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3, kwa wakubwa na wadogo kwa kipimo kilekile. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko nilio nao, kwa hiyo tunachangia gharama na majirani na kuchanja jioni moja, kila mtu bandani kwake, kuku wakiwa wameshaingia ndani. (Kumkimbiza kuku wa kienyeji mchana ni adhabu ambayo simtakii mtu.) Dawa ya minyoo huwapa wiki moja kabla ya hapo.

Kwa mbuzi nilitenga beberu tu. Mimba ya mbuzi huchukua takribani miezi 5, basi nikimpeleka kwa majike mwanzoni mwa Desemba, wanazaa Mei, masika yakielekea kuisha, majani yakiwa bado mengi na zizi limeanza kukauka.

Sungura niliwauza. Jike hubeba mimba siku 31 tu, na mnyama anayedai kiota kipya na kutenganishwa kwa watoto kila baada ya muda mfupi namna hiyo hakuweza kupatana na ratiba inayokwenda kwa robo ya mwaka, hata kama nyama yake ni nzuri.

Bata ndio bado wananisumbua. Hulowesha maranda, na maranda mabichi hukuza vimelea vya kuhara damu, ugonjwa unaoua vifaranga haraka; tena bata anaweza kubeba virusi vya kideri bila yeye mwenyewe kuonekana mgonjwa. Nimewajengea kibanda chao upande wa chini wa kiwanja, mbali na kuku, chenye sakafu ya mchanga na maji yao wenyewe, na nawahudumia mwisho, baada ya kuku na mbuzi, ili viatu vyangu visirudi tena kwa vifaranga.