Futi ya Fundi na Ugonjwa wa Sukari

Mimi ni fundi cherehani wa kibarazani hapa Moshi mjini, na kazi hii inanionyesha mapema jambo ambalo hospitali hulikuta limeshakomaa. Mteja akiniletea suruali ya mwaka juzi nimwachie kiuno, mara nyingi mapaja yanamtosha vilevile. Kilichoongezeka ni tumbo. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo, huufanya mwili uikaidi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi, hadi linashindwa, na sukari inabaki kwenye damu. Mwanaume akifika sentimita 94 za kiuno, yaani inchi 37, aanze kujiangalia. Mwanamke ni 80, inchi 31 na nusu.

Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kibosho, ana sukari ya aina ya pili. Mwenye mzazi au ndugu wa damu mgonjwa yuko karibu na ugonjwa huu kuliko wengine, kwa hiyo mimi na wanawe tumo. (Aina ya kwanza, ile inayowashika zaidi watoto na vijana, haizuiliki kwa haya ninayoyaandika. Mzazi asijilaumu.)

Kuna utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ambao nausimulia kila ninapopata msikilizaji. Walishirikishwa watu 3,234 ambao sukari yao ilishapanda ila haijawa ugonjwa. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hasa kutembea kwa haraka. Ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa, walioingia kwenye ugonjwa katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58. Waliomeza metformin, dawa ya kushusha sukari, walikuwa pungufu kwa asilimia 31. Kutembea na kupungua kumeishinda dawa! Na kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu tu, wala hahitaji kurudi kwenye suruali za ujana.

Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Mimi natoka Pasua kwa miguu, bodaboda nimewaachia wenye haraka. Kazi yetu ni ya kukaa kutwa, basi hata nguo ya kupiga pasi naisimamia mwenyewe.

Kwenye chakula watu wananiuliza kama waache ndizi. Hapana jamani, mtori na machalari tutakula. Punguza kilichomo sahani, ongeza mboga za majani na maharage, dona badala ya sembe. Ninachokipinga waziwazi ni soda: chupa ya mililita 350 hukaribia vijiko vya chai tisa vya sukari, na haishibishi. Mbege nayo ni ndizi na ulezi, kwa hiyo Desemba, ndafu (mbuzi wa kuchomwa mzima) zikianza, tuinywe kwa kiasi.

Halafu pima. Asubuhi kabla ya kula, sukari ya damu kuanzia 7.0 (milimoli kwa lita) ni ugonjwa, na daktari atarudia kuhakikisha. Kati ya 6.1 na 6.9 ndipo pa kufanyia kazi, na mtu hapo mara nyingi hasikii dalili yoyote.

Mpwa wangu wa kwanza alikuja nimshonee suti ya harusi. Kiuno inchi 39. Nimeshamwambia mama yake, na Jumamosi nampeleka kijana kupima.