Kalamu ya Ami

Msimu ule mikarafuu ya Mtambwe, Pemba, ilizaa vizuri, na kila usiku tulikaa jamvini tukichambua, karafuu huku, makonyo kule. Ami, ndugu wa baba, alichambua nasi, pembeni, kimya. Msimu wa nyuma tawi lilimvunjikia juu ya mkarafuu akaangukia kichwa. Kidonda kilipona, tabia haikurudi. Mtu ambaye hata kuku hakuwa akimkemea, sasa ana matusi na mkono mwepesi. Mchana ule alikuwa kampiga jirani kibao, chanzo pakacha tupu.

Mazungumzo yakaangukia hapo: ana dhambi au hana?

Maalim, aliyekuwa akisomesha bayolojia skuli, akatuhadithia habari za Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli huko Vermont, Marekani. Mwaka 1848 baruti ililipuka, mtaimbo wa zaidi ya mita moja ukaingia chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Alipona, lakini rafiki zake wakasema huyu siye Gage tunayemjua. "Sasa mnamlaumu nani," Maalim akauliza, "mtu au jeraha?"

(Baadaye nilisoma kwamba Gage alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka. Hilo Maalim hakulisema, nalo ndilo lililonigusa zaidi: kazi ile haifanywi na mtu asiyejimudu.)

Binamu yangu akamleta Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: tabia njema hujengwa kwa mazoea, mtu huwa mpole kwa kutenda upole. Mama akamuuliza, upole wa umri mzima unamwagika vipi kwa kuanguka mara moja? Binamu akainama kuchambua.

Sheikh alingoja wachoke. Akataja hadithi ya Mtume: kalamu imenyanyuliwa, yaani dhambi haziandikwi, kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, mwendawazimu mpaka akili imrudie. Kwangu hiyo ilikuwa hoja nzito kuliko zote. Ilikuwa na huruma, na ilikuwa na mpaka.

"Mwendawazimu ndo mimi?" Ami akauliza.

Mikono yote ikasita.

"Nilimuona anakuja, nikajua ntampiga, nikampiga. Kalamu yangu msiinyanyue. Niandikiwe."

Sheikh hakumjibu. Alimtazama, kisha akamsogezea gilasi yake ya chai.

Asubuhi Ami alikwenda kwa jirani kuomba radhi. Alirudi wameshagombana upya, safari hii kwa ajili ya mpaka wa shamba.