Lita mbili zilizoniangusha kwenye baiskeli isiyokwenda popote

"Kunywa maji mengi." Kila mtu alinipa ushauri huo nilipoanza kukanyaga baiskeli ya ndani. Mengi ni mangapi? Kimya.

Basi siku moja nikajifanya mjanja. Nusu saa kabla ya kupanda nilishindilia lita mbili za maji matupu, nikajua nimeweka akiba ya saa nzima. Dakika ya kumi tumbo likaanza kuongea. Kila nikikanyaga, maji yanacheza huku na huku, chubwi chubwi, kama dumu lililojaa nusu. Nikiinamia usukani, yanapanda kooni. Nikakimbilia chooni, nikarudi, nikapanda, nikashuka tena. Safari ya tatu kiatu, kile kinachonasa kwenye pedali, kikagoma kuchomoka, nikabaki nimening'inia, mguu mmoja sakafuni na mwingine juu, huku nimebanwa. Yaliyofuata siyasimulii. Kumbe ukiyabugia kwa mkupuo, figo zinayatoa tu. Na ukizidisha maji matupu kwa saa nyingi, sodiamu, yaani ile chumvi iliyomo kwenye damu, inashuka. Hilo si la kuchekea hata kidogo.

Kilichonifungua macho ni mizani ya bafuni. Nilijipima bila nguo, nikaendesha saa moja, nikajifuta jasho, nikajipima tena: kilo 1.1 hazipo, na hapo nimekunywa nusu lita. Kilo moja ni kama lita moja, kwa hiyo nilimwaga lita 1.6 hivi. Barabarani simwagi hivyo, maana upepo hukausha jasho na ngozi inapoa. Ndani linadondoka tu sakafuni bila kukupoza hata kidogo, mwili unaona joto liko palepale, unaongeza jingine. Ndiyo maana hela yangu ya kwanza ilikwenda kwenye feni, wala si kwenye chupa za kifahari. Nikaielekeza kifuani, na kipimo kilichofuata upungufu ulishuka karibu nusu.

Kunywa sasa nafuata muziki: wimbo ukiisha, mafunda mawili. Najivunia sana ujanja huu, ingawa siku niliyoweka wimbo wa dakika kumi na tano nilikoma.

Chumvi nilikuwa naidharau mpaka nilipoona fulana yangu nyeusi imekauka na mistari myeupe mgongoni, kama ramani. Mara ya kwanza nilitia kijiko kizima cha chai kwenye chupa. Nikatema yote, bahari tupu. Sasa ni robo kijiko kwa lita, sukari kidogo, ndimu, basi. Mwenye presha amuulize daktari wake kwanza. Mazoezi ya dakika arobaini mepesi sihangaiki na hayo, maji yanatosha.

Wala sirudishi kila tone. Nina kilo 74. Nisipopoteza zaidi ya asilimia 2, yaani kama kilo moja na nusu, naridhika, na kilichobaki nakinywa polepole na chakula. Mapigo ya moyo, yaliyokuwa yakipanda kutoka 140 hadi 158 bila mimi kuongeza kasi, siku hizi yametulia.

Mwenzangu mmoja, bingwa wa "kunywa mengi", nilimwazima mizani juzi. Akashuka kwenye baiskeli ana uzito zaidi kuliko alivyopanda. Akaitazama, akaigonga kwa kidole cha mguu, akasema, "Kaka, mizani yako mbovu."