Jinsi Nilivyoliunganisha Joka la Resini kwa Ajili ya Mchezo wa Vita wa Mezani

Joka nililoliunganisha lilifika likiwa vipande vipande ndani ya mifuko midogo ya plastiki: kiwiliwili kilichogawanywa nusu mbili, shingo iliyoshikana na kichwa, taya la chini, mabawa mawili, mkia, miguu, tandiko, na shujaa wa kulipanda akiwa na mkuki mwembamba mno. Ninaishi Nottingham, mji wa Uingereza wenye makao makuu ya kampuni ya Games Workshop inayotengeneza michezo ya vita ya mezani, ambayo watu hupambanisha majeshi ya sanamu ndogo juu ya meza, na hapa michezo hiyo ina wapenzi wengi. Hata hivyo, sanamu nyingi zinazouzwa madukani siku hizi ni za plastiki ya polistirini, ambayo husukumwa na mashine ndani ya kalibu za chuma. Resini, yaani kimiminika kinachogandia ndani ya kalibu na kuwa kigumu kama plastiki, ni jambo jingine kabisa, na mtu aliyezoea plastiki hulazimika kujifunza upya karibu kila kitu, kuanzia aina ya gundi hadi namna ya kulinda mapafu yake. Nimeulizwa na vijana kadhaa wa kwetu wanaoishi huku jinsi kazi hii inavyofanywa, nami naona ni vyema niieleze kwa kirefu, kwa kuwa nimeipenda na ninatamani waipende pia.

Inafaa kwanza kuelewa resini inavyotengenezwa, kwa sababu karibu kila taabu yake inatokana na hapo. Vimiminika viwili huchanganywa, humwagwa ndani ya kalibu ya silikoni, na baada ya dakika chache mchanganyiko huwa mgumu. Kalibu ya silikoni ni laini na hunyumbulika, kwa hiyo inaweza kunasa magamba, mikunjo ya ngozi na meno madogo kuliko punje ya mchele bila kuyavunja wakati kipande kinapotolewa. Lakini ulaini huohuo huifanya ichakae, na kadiri inavyochakaa ndivyo mishono inavyoonekana pale nusu mbili za kalibu zinapokutana. Hewa iliyonaswa katika mchanganyiko huacha viputo. Njia ambazo resini ilipitia kuingia ndani ya kalibu huacha vikonyo vinene vinavyopaswa kukatwa. Na ili kipande kitoke kwa urahisi, kalibu hupakwa dawa yenye utelezi ambayo hubaki juu ya sanamu bila kuonekana kwa macho, na rangi haishiki juu yake.

Kabla ya kugusa maji wala kisu, nilivipanga vipande vyote juu ya kitambaa cheupe na kuvilinganisha kimoja kimoja na picha ya joka lililokamilika. Kazi hii huonekana ya kuchosha, ila ndiyo inayomwezesha mtu kutofautisha kikonyo cha kukatwa na ukucha unaopaswa kubaki. Mahali nilipotilia shaka, niliweka alama ya penseli na kuacha hadi nipate uhakika.

Kuosha kulikuwa rahisi: maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na mswaki laini wa zamani. Nilisugua kila kipande, hasa katika mifereji ya magamba ambako utelezi hujificha, kisha nikasuuza na kuviacha vikauke vyenyewe. Niliweka kichujio kwenye tundu la sinki, kwa kuwa kucha za joka ni ndogo na hazinunuliwi peke yake. Naongeza hapa kwamba sanamu zinazochapishwa nyumbani kwa printa za resini zina utaratibu wao: hizo huoshwa kwa alkoholi ya isopropili, kisha hukaushwa kwa mwanga wa urujuanimno, mara nyingi wenye urefu wa wimbi la nanomita 405, na resini ambayo bado haijakauka haifai kuguswa kwa mikono mitupu. Joka langu halikuwa la aina hiyo.

Baada ya hapo nilikutana na mabawa, na hapo ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Bawa la kushoto lilikuwa sawa. La kulia lilikuwa limejipinda kuelekea ndani, kama hutokea kwa vipande vyembamba vya resini vinapotolewa kwenye kalibu vikiwa bado na joto au vinapokaa vibaya ndani ya mfuko. Dawa yake ni maji ya moto. Nilichemsha maji, nikayamimina katika bakuli pana, nikayaacha yatulie kidogo, kisha nikalizamisha bawa kwa kulishika kwa koleo. Baada ya muda mfupi resini huanza kulegea, na mtu huisikia katika vidole: kipande ambacho kingevunjika kikiwa baridi sasa kinakubali kukunjwa kama ngozi mbichi. Nililitoa, nikalirudisha polepole katika mkunjo wake huku nikililinganisha na bawa la kushoto lililokuwa mbele yangu, kisha nikalitumbukiza katika maji yenye barafu nikiwa bado nimelishika. Baridi ndiyo inayofunga umbo jipya. Ncha ya bawa ilihitaji kurudiwa, kwa sababu sehemu nyembamba hupoa hewani kabla mkono haujamaliza kuielekeza, na nikaona ni afadhali kunyoosha kidogo kidogo kuliko kulazimisha mkunjo wote kwa pamoja.

Mkuki wa shujaa ulikuwa umepinda vilevile, lakini huo sikuunyoosha. Ninaona kwamba mkuki wa resini katika mchezo unaoshikwashikwa na watu wengi hauna maisha marefu, hata ukinyooka sawasawa. Nilikata ncha ya mkuki, nikatoboa ngumi ya shujaa kwa keekee ndogo ya mkononi, nikapitisha waya wa shaba wenye unene uleule, na kuipachika ncha juu yake. Mkuki huo sasa ukigongwa hupinda kidogo na kurudishwa kwa vidole.

Vikonyo vinene nilivikata kwa msumeno mwembamba, wala si kwa koleo la kukatia, kwa kuwa koleo hubana resini na huweza kuimega zaidi ya mahali palipokusudiwa. Mishono niliiparua kwa mgongo wa kisu, nikivuta taratibu upande mmoja, na penye uwazi nikamalizia kwa tupa nyembamba na msasa wa namba 600 uliolowanishwa. Maji hapa si suala la ulaini peke yake. Vumbi la resini ni laini sana, hukaa hewani na lina madhara likivutwa ndani, kwa hiyo nilivaa barakoa ya kuzuia vumbi, nikasugua kwa msasa uliolowa, na nikapangusa meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Yeyote mwenye watoto nyumbani asilichukulie jambo hili kuwa dogo. Mimi hufunga mlango hadi meza iwe safi.

Ndipo nikaanza kupachika bila gundi. Nilishikiza vipande kwa mpira na vidonge vya udongo laini wa kunata, nikalitazama joka kutoka kila upande, nikaligeuza juu chini, na kujiuliza brashi ya rangi itafika wapi na wapi haitafika. Ilikuwa wazi kwamba shujaa akigundishwa juu ya tandiko, mgongo wa joka na mapaja yake mwenyewe havitapakwa rangi vizuri. Kwa hiyo niliamua abaki peke yake hadi mwisho, na kwamba nitaweka sumaku ndogo ya neodimiamu chini yake na nyingine ndani ya tandiko. Kabla ya kugundisha sumaku, niliziacha zishikane, kisha nikatia alama ya wino kwenye uso wa nje wa kila moja, ili zisije zikasukumana badala ya kuvutana.

Gundi ya plastiki ambayo wachezaji wengi wanayo haifanyi kazi kwenye resini, kwani nguvu yake inatokana na kuyeyusha polistirini na kuziunganisha nyuso mbili kuwa moja. Resini haiyeyuki hivyo. Kwa vipande vidogo nilitumia supaglu, yaani gundi ya sianoakrileti, ambayo hukauka kwa kukutana na unyevu mdogo ulio hewani na juu ya kipande. Tone dogo hushika kuliko tone kubwa. Supaglu hustahimili kuvutwa, lakini pigo la pembeni huipasua kwa urahisi, na bawa la joka hupigwa pembeni kila mara linapobebwa. Hapo ndipo pini zinapohitajika, yaani vipande vifupi vya waya vinavyoingia ndani ya vipande vyote viwili na kuvishikilia.

Nilitoboa shina la bawa tundu la milimita 1, lenye kina cha takribani milimita 6, nikaingiza kipande kifupi cha waya wa shaba bila gundi na kukiacha kitokeze kidogo. Nikapaka ncha ya waya rangi nyekundu, na kabla haijakauka nikalisogeza bawa hadi mahali pake begani, nikaligusisha mara moja na kuliondoa. Nukta nyekundu iliyobaki begani ndiyo mahali pa kutoboa tundu la pili. Kila bawa nililipa pini mbili, kwa kuwa pini moja hubeba uzito lakini huruhusu bawa lizunguke. Keekee niliizungusha kwa mkono, kwa mwendo wa taratibu, nikisimama mara kwa mara kuutoa unga, kwani keekee ya umeme huipasha resini joto na kuitanua tundu. Nyuso zinazokutana nilizikwaruza kidogo kwa kisu ili gundi ipate pa kushika.

Kwenye mabawa nilitumia gundi ya epoksi ya sehemu mbili, nikaongeza tone dogo la supaglu pembeni ili lishike haraka wakati epoksi ikiendelea kukauka. Ilikuwa majira ya baridi, na epoksi huchelewa sana kukauka katika chumba chenye ubaridi, basi nililiacha joka karibu na kipasha joto cha ukutani, likiegemezwa kwa vitabu, hadi kesho yake.

Ufa uliobaki kati ya bega na bawa niliuziba kwa puti ya kijani ya epoksi, yaani kinamo cha kuzibia ambacho hukauka na kuwa kigumu, ile ya ukanda wa manjano na wa buluu unaokandwa pamoja hadi rangi iwe moja. Ukizidisha buluu inakauka ngumu zaidi, ukizidisha manjano inabaki laini. Viputo vidogo vya tumboni nilivijaza kwa Milliput, puti inayotengenezwa Wales, kwa sababu hulainishwa kwa maji na hukubali msasa vizuri ikishakauka. Kwenye bega lakini nilihitaji kuchonga magamba yaendane na yale ya pembeni, na hapo nilisaidiwa na shemeji yangu, ambaye ni fundi wa meno bandia mjini Leicester. Alinipa vyuma vyake vya zamani vya kuchongea, na alipoona nahangaika na puti inayonata akaniambia, “Shemeji, usiifuate ikiwa bado mbichi. Iache ikaze kidogo, lowesha chuma, ndipo uichonge.” Nilimtii. Niliiacha ikaze kiasi, nikalowesha ncha ya chuma, na kubonyeza nusu duara moja baada ya nyingine, nikianza upande wa chini kuelekea juu ili kila gamba lifunike lililotangulia. Kazi hiyo ilinipa furaha kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Puti ilipokauka kabisa nililiosha joka tena kwa sabuni, kwa kuwa mafuta ya vidole hukaa juu ya resini katika kipindi chote cha kazi, kisha nikasubiri siku isiyo na mvua. Rangi ya msingi ya kupuliza nilichagua ya kijivu. Nyeusi huficha kasoro na nyeupe hung’aa mno, ilhali kijivu huonyesha kila mshono uliosahaulika. Nilipuliza nje ya nyumba, kwa umbali wa sentimita 25 hivi, tabaka nyembamba zikifuatana, nikiacha kila moja ikauke. Chini ya mkia palitokea mstari mwembamba wa kalibu na viputo vitatu vidogo ambavyo resini ya rangi ya maziwa ilikuwa imevificha. Nilivijaza, nikasugua kwa msasa uliolowa, nikapuliza tena sehemu hiyo pekee. Shujaa nilimpuliza akiwa ameshikizwa kwa sumaku yake juu ya kifuniko cha kopo, na tangu hapo kazi ikawa ya brashi, nikianza na ngozi ya mabawa upande wa ndani, ambao ndio mgumu kufikiwa baadaye.