Seva mbili, zote zinajiona bosi
Wakuu kuna ofisi moja hapa Posta waliniita usiku, wana seva mbili za databesi, moja inapiga kazi nyingine inasubiri, sasa umeme umekatika kaswichi kanakoziunganisha zenyewe kwa zenyewe kakazima ila seva ziko kwenye UPS (betri ya akiba) zinadunda tu. Kila moja ikaona mwenzake kafa! Zote zikajipandisha kuwa kuu, zikagombania IP ileile, miamala nusu huku nusu kule 😩 na DRBD, programu inayonakili data ya seva moja kwenda nyingine, haichanganyi data za pande mbili, unachagua upande wa kutupa, kwa hiyo tulikesha tunachomoa miamala ya upande wa kutupwa na kuiingiza kwa mkono.

Nilipofungua Pacemaker (programu inayoamua seva ipi iwe kuu) nakuta stonith-enabled=false, yaani STONITH imezimwa. Jamani! STONITH ndo inayohakikisha seva inamzima mwenzake kwanza kupitia IPMI (njia iliyomo ndani ya seva ya kuizima kwa mbali) kabla haijagusa data, watu wanaizima eti inasumbua. Tumeiwasha, upande mmoja tumeuwekea sekunde kadhaa za kuchelewa zisije zikazimana zote mbili, afu Corosync, inayobeba mawasiliano ya seva hizo, tumeipa njia ya pili ya mawasiliano, na kikompyuta cha bei chee jengo lingine kinapiga kura ya tatu, maana kura 2 hazina mshindi, asiye na 2 kati ya 3 anakaa pembeni.

Ila IPMI inakula umeme wa seva hiyohiyo, seva ikikosa umeme kabisa IPMI yake haijibu, mwenzake hana uhakika kama imezimika, anabaki anasubiri tu. Tunatafuta PDU (soketi za kugawia seva umeme) ya kuzima kwa mtandao, Kariakoo nimezunguka sijaiona, mwenye nayo aje inbox.