Picha ya kweli, habari ya uongo

Jumatatu binti mmoja wa kidato cha pili aliingia darasani anahema. Bibi yake wa Marangu alikuwa ametumiwa picha kwenye grupu la ukoo la WhatsApp: Mlima Kilimanjaro unawaka moto, na sauti ya mwanaume inahimiza watu wahame leo leo, "tuma kwa wenzako kumi". Bibi alishafunga mzigo. Mbuzi alishawafungulia.

Nikawatoa wote nje. Hapa Moshi tuna bahati, mlima wenyewe unaonekana. Kilele cha Kibo kilikuwa wazi, cheupe, hakuna hata uzi wa moshi. Walisimama kimya.

Tukarudi ndani, nikaitafuta ile picha kwa Google Lens, programu inayoonyesha picha imewahi kutokea wapi mtandaoni, kwenye simu yangu. Ikatokea: Oktoba 2020, ule moto ulioteketeza vichaka vya mlimani kwa siku kadhaa.

"Kwa hiyo mwalimu, picha ni ya kweli ila habari ni ya uongo?"

Swali hilo lilinifurahisha kuliko jibu lolote la mtihani. Kipindi kizima tulibaki hapo: imepigwa lini, nani kaituma kwanza, mbona inanitaka niogope haraka hivi? Na inaniuma tunavyowalaumu vijana, wakati jumbe hizi nyingi wanaletewa na sisi wazazi.

Mapumziko nikampa yule binti simu apige nyumbani.

"Shikamoo bibi. Toka nje, utazame mlima."

Kimya kirefu. Kisha bibi: "Sasa huyu mwenye sauti ni nani?"